Masomo Manane na Rufaa Moja

Tarehe 11 Januari

Shikamoo Shangazi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti limekubali kupanda ngazi. Sisi huku hatujambo. Mama watoto kazini amehamishiwa wodi ya waliojifungua, anaipenda, ila akifika nyumbani hataki kusikia mtoto mwingine akilia, hata wa kumzaa mwenyewe. Kitindamimba wetu ameng'oka meno mawili ya mbele na bado hanyamazi. Anakuamkia.

Sasa niseme kilichonifanya nishike kalamu, maana najua simu kwako ni ya kuulizia nani amefariki.

Shangazi, nimebakiza masomo manane. Manane tu, kati ya arobaini, nimalize ile shahada ya haki jinai ninayoisoma kwa mtandao. Unajua nilivyohangaika nayo: miaka minne nasoma kwenye chumba cha kubadilishia sare, kwa sababu nyumbani meza ni moja na ina wenyewe. Unajua pia kwamba kabla ya hapo niliacha ufundi bomba, nikaacha na uhasibu, na wewe ukaniita Bwana Nusu mbele ya ukoo mzima, watu wakacheka mpaka machozi.

Safari hii sitaki kuwa nusu. Imetangazwa nafasi ya afisa urekebishaji hapa hapa gerezani kwetu. Kazi yake ni kukaa na mfungwa miezi sita kabla hajatoka, kumuuliza anakwenda wapi, atafanya nini, nani anamsubiri. Maombi yanafungwa tarehe 30 Novemba, na lazima uwe na karatasi inayoonyesha shahada umeimaliza. Nimekaa langoni miaka kumi na minne. Wiki iliyopita amerudi yule tunayemwita Mzoefu, mara ya nne sasa. Nilipomfungulia mlango akaniuliza hali ya watoto, kama jirani aliyetoka safari. Nilicheka naye, kisha nikaenda kusimama peke yangu nyuma ya ghala. Mimi ndiye niliyemfungulia kutoka mara zote tatu, Shangazi, na hakuna siku hata moja mtu alimuuliza anaelekea wapi. Hata mimi sikumuuliza. Kazi hii naitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Nina mihula miwili, masomo manne kila muhula. Orodha nimeichapa ofisini, iko ndani ya bahasha. Wewe umekaa masijala ya mahakama miaka thelathini na moja, majalada yakikuona yanajipanga yenyewe. Naomba unipangie.

Mwanao,
Askari wa Lango


Kumb. Na. SHG/1
Tarehe 29 Januari

YAH: MASOMO MANANE YA BWANA NUSU

Marahaba. Goti lipo. Lilipanda ngazi za mahakama miaka yote hiyo likibeba kesi za watu, sasa linadai likizo. Mwambie mkeo mtoto anayelia ni mzima, wa kuogopwa ni anayenyamaza. Kitindamimba asitupe meno yake, ayatunze anionyeshe. Jirani yangu mshonaji amenunua kompyuta na anaogopa kuiwasha, kila asubuhi naitwa mimi, eti kwa sababu nilikuwa mahakamani. Kaburi la baba yako nililisafisha Jumapili. Pako vizuri.

Nimeisoma orodha yako mara mbili kwa miwani na mara moja bila miwani. Aliyeipanga kwa kufuata alfabeti hajawahi kuiona kesi hata kwa dirishani. Kesi ina mwendo wake, mwanangu. Mtu hupelelezwa, akashtakiwa, ushahidi ukasikilizwa, akahukumiwa, akafungwa. Ukimhukumu kabla hujamkamata utachekwa na wafagiaji.

Kwa hiyo muhula wa kwanza utasoma Upelelezi, Mwenendo wa Mashtaka, Sheria ya Ushahidi, na Adhabu na Urekebishaji, kwa mpangilio huo huo. Muhula wa pili utasoma yale yasiyo na nafasi yake kwenye jalada: Haki za Watoto, Maadili ya Kazi, Mbinu za Utafiti, na Takwimu. Takwimu nimeisukuma mwisho kabisa kwa sababu sijawahi kuona mshtakiwa aliyeachiwa huru kwa wastani.

Mpango nimeuandika juu ya orodha yako na nimeugonga muhuri. Usiniulize muhuri niliupata wapi, nimestaafu nao. Kilichobaki ni wewe kukaa kitako usome. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe mgongo wako naujua.

Shangazi yako,
Karani (Mstaafu)


Tarehe 3 Mei

Shikamoo Shangazi,

Tuko salama, ila meno ya Kitindamimba yamepotea na yeye anamshuku kaka yake. Ameanza upelelezi. Amenihoji mimi pia, akaandika kwenye daftari kwamba nilionekana kuwa na wasiwasi.

Mpango wako unakwenda kama ulivyosema. Upelelezi nimepata sabini na mbili. Mashtaka sitini na nane, na kwenye Ushahidi mhadhiri ameandika pembeni kwamba najieleza kama karani wa zamani. Nimeikata ile karatasi nimeibandika ukutani. Mzoefu naye ameanza kuniuliza nimefikia somo la ngapi. Juzi nilipomwambia niko kwenye Adhabu akasema hilo somo angeweza kunifundisha yeye, na watu wote kwenye foleni ya chakula wakamuunga mkono.

Sijawahi kufika mbali hivi, Shangazi. Hata nashindwa kulala kwa furaha. Ubarikiwe kwa ule mpango.

Mwanao,
Askari wa Lango


Tarehe 28 Juni

Shikamoo Shangazi,

Watoto wazima, mama yao mzima, mimi nipo.

Jumatatu nilikwenda kujiandikisha kwa muhula wa pili. Haki za Watoto, mtandao ukakubali. Maadili, ukakubali. Takwimu, ukakubali. Mbinu za Utafiti ukakataa. Nikajaribu mara ya pili, ukakataa. Nikampa mama watoto ajaribu, maana yeye ana mkono mwepesi, ukakataa na kwake.

Nikapiga simu chuoni. Kumbe Utafiti hausomwi mpaka uwe umeshafaulu Takwimu. Ndiyo sheria yao. Nikisoma Takwimu sasa, Utafiti ni mwakani. Na nafasi inafungwa Novemba, Shangazi.

Nikaitoa ile orodha yenye muhuri wako. Unajua ofisini kwetu karatasi ni za kugawiwa, kwa hiyo nilichapa pande zote mbili. Upande wa mbele kuna majina ya masomo. Nyuma yamo masharti, somo lipi litangulie lipi. Sharti la Utafiti limeandikwa wazi kabisa, mstari wa tano. Nimekaa nalo jioni nzima. Mimi sikuugeuza ukurasa kwa sababu nilijua wewe utaugeuza. Sisemi neno. Nauliza tu, kule masijala mlikuwa na desturi ya kutazama nyuma ya karatasi?

Nimevunjika moyo, siwezi kukuficha. Leo Mzoefu ameniuliza nimefikia wapi nikajifanya sikumsikia.

Mwanao,
Askari wa Lango


Tarehe 27 Julai

Shikamoo Shangazi,

Wiki nne hujanijibu. Nimempigia jirani yako mshonaji, akasema wewe ni mzima, unakula vizuri, na sasa kompyuta yake anaiona kwa kuiomba. Hakutaka kusema zaidi. Alikuwa na sauti ya mtu aliyeapishwa.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe umefika. Jana mratibu wa masomo alinipigia simu. Mama mpole, anaongea taratibu. Akaniuliza kama nina wakili. Nikamwambia mimi ni askari wa lango tu. Akasema amepokea waraka wa aya kumi na saba, umefungwa kwa utepe mwekundu, unaanza na "Mheshimiwa," na unaomba mwanafunzi aruhusiwe kusoma Takwimu na Utafiti kwa pamoja "kwa maslahi ya haki." Juu yake pana muhuri unaosema IMEPOKELEWA. Alitaka kujua imepokelewa na nani, kwa sababu yeye ndiyo kwanza alikuwa anaifungua bahasha.

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini Shangazi, wamekubali. Wameweka sharti moja: jaribio la kwanza la Takwimu, wiki ya nne, nipate sitini au zaidi. Nikipata hamsini na tisa, Utafiti wananifuta na habari imeishia hapo.

Mimi na hesabu unatujua. Ndizo zilizonitoa kwenye uhasibu. Naogopa.

Mwanao,
Askari wa Lango


Kumb. Na. SHG/2
Tarehe 4 Agosti

YAH: MASWALI YAKO YA TAREHE 28 JUNI

Marahaba. Sisi wazima. Mshonaji ni mmbea, usimsikilize.

Umeuliza kuhusu nyuma ya karatasi. Masijala, nyuma ya karatasi hapaandikwi. Karatasi hutobolewa, hufungwa kwenye jalada, na hakimu hufunua upande mmoja tu. Ukiandika nyuma, hakuna atakayesoma, na mtu anaweza kufungwa bure. Nimewafundisha hivyo makarani wasiopungua ishirini na hakuna aliyelalamika. Kwa hiyo aliyechapa pande mbili ajitafakari.

Kuhusu rufaa, sikuona sababu ya kukusumbua. Ungeanza kusema niache, niandike kwa adabu, nipunguze aya. Umekubaliwa, basi. Muhuri ni wa kuonyesha kwamba sisi si watu wa mchezo.

Kuhusu woga wako. Naona hesabu hazikukutoa kwenye uhasibu, ulitoka mwenyewe kwa miguu yako. Soma saa moja kila siku kabla ya zamu. Wastani ni kujumlisha na kugawanya, hilo hata wewe unaliweza. Mchepuko wa kawaida, ule wa kupima namba zinavyoachana na wastani, ndio una kichwa kigumu, lakini ukichora jedwali pembeni unatulia.

Shangazi yako,
Karani (Mstaafu)


Tarehe 23 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Sote wazima. Kitindamimba amefunga upelelezi wa meno kwa kukosa ushahidi, lakini amesema mshukiwa abaki nyumbani.

Nina swali. Tangu lini wewe unaijua habari ya mchepuko wa kawaida?

Nauliza kwa sababu Jumamosi tulikuwa na kipindi cha Takwimu cha ana kwa ana mtandaoni. Tulikuwa thelathini na sita, kila mtu na kidirisha chake. Kwenye kidirisha cha chini kabisa kulikuwa na paji la uso. Paji tupu, Shangazi, na juu yake kalenda ya ukutani na cherehani. Mhadhiri alipouliza kama kuna asiyeelewa, lile paji likakohoa, likasema, "Mheshimiwa, naomba kielelezo hicho kirudiwe tangu mwanzo." Darasa zima likakaa wima. Hata mhadhiri alirekebisha shati.

Nimeuliza chuoni, nikaambiwa mtu yeyote anaruhusiwa kusoma somo moja bila kusajiliwa kwa shahada. Sikuuliza zaidi.

Jaribio lilikuwa jana. Lile swali la mwisho, la wafungwa mia mbili na muda waliokaa, nilichora jedwali pembeni. Matokeo wiki ijayo. Roho iko juu.

Mwanao,
Askari wa Lango


Kumb. Na. SHG/3
Tarehe 2 Septemba

YAH: PAJI LA USO

Marahaba. Paji la uso si ushahidi. Watu wengi wana kalenda na wengi wanajuana na washonaji. Ulisoma Sheria ya Ushahidi ukapata alama nzuri, sasa unaniletea dhana.

Nasikia umepata sitini na tatu. Usiulize nimesikia wapi, orodha inabandikwa kwa namba. Nilipoiona niliinuka nikazunguka chumba chote bila fimbo. Mshonaji alinipigia makofi na yeye hajui tunashangilia nini. Sasa usilegee, Utafiti umefunguliwa na mtihani wa mwisho hauna huruma.

Tufanye hivi. Kila Ijumaa nitakutumia maswali matano, wewe utanirudishia majibu, na mimi nitakuonyesha ya kwangu. Ni kwa faida yako tu.

Shangazi yako,
Karani (Mstaafu)


Tarehe 20 Desemba

Shikamoo Shangazi,

Nimemaliza. Sikukuandikia mapema kwa sababu niliogopa kusema kabla mambo hayajakamilika, tusije tukaaibika wote. Takwimu hamsini na sita, Utafiti sitini na nne, yale mengine mawili salama. Uthibitisho wa chuo ulinifikia tarehe 24 Novemba, siku sita kabla ya maombi kufungwa, na niliupeleka mwenyewe mkononi. Mama watoto alinisindikiza na sare zake za wodini, akasema ameshazoea kusubiri watu wanaochelewa kutoka.

Tarehe 9 niliitwa mbele ya kamati. Watu watatu. Mwenyekiti alishika karatasi zangu akauliza kwa nini Takwimu niliiacha mpaka muhula wa mwisho mpaka nikahitaji kibali maalumu, au nilikuwa naikwepa. Nikajibu kwamba nilijipanga vibaya mwenyewe. Wakaandika. Wakaniuliza mengine, nikajibu.

Shangazi, wamenichukua. Naanza tarehe 2 Januari. Nitakuwa na chumba chenye viti viwili, changu na cha yule atakayekuja kuzungumza nami. Nimeketi kwenye vyote viwili kujaribu.

Tangu mtihani umeniandikia kadi moja tu ya kuulizia hali ya hewa. Nimekuuliza mara mbili kwa simu umepata ngapi, hujajibu. Mimi si mtu wa kukuhoji, lakini nina wasiwasi.

Mwanao,
Afisa (naogopa hata kuliandika)


Kumb. Na. SHG/4
Tarehe 6 Januari

YAH: UKWELI

Marahaba, Afisa. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Kisha nikalia, na mshonaji akaja mbio akidhani kuna msiba. Baba yako angekuwepo angevaa koti lake zuri akazunguka mtaa mzima. Nimezunguka mimi kwa niaba yake, mpaka dukani na kurudi.

Sasa nisikilize. Umeidanganya kamati. Hukujipanga vibaya. Mimi ndiye niliyekupanga vibaya, kwa kujiamini kupita kiasi, na muhuri juu yake. Nilikosea. Mwezi wa sita nilipoisoma barua yako nilijua papo hapo, na wiki zile zote sikuandika kwa sababu kila nikishika kalamu neno hilo lilikataa kutoka. Nikaona ni rahisi kusoma takwimu kuliko kuliandika. Nilitaka nikufundishe, nilipe kosa langu bila kulitaja.

Takwimu nayo ikanishinda. Nimepata arobaini na moja. Lile paji lilikuwa langu, kama hukujua.

Kuna jambo jingine sijawahi kukwambia. Nilipokuwa kazini niliomba ruhusa ya kwenda kusoma mara tatu. Mara zote tatu niliambiwa karani hahitaji. Wale mahakimu vijana nilikuwa nawaonyesha kifungu cha sheria kwa kidole, kisha wananituma chai. Nilipokuita Bwana Nusu mbele za watu, nilikuwa na hasira ya mtu ambaye hata nusu hakupewa. Hukustahili. Nisamehe, mwanangu.

Nimeomba kujiunga na shahada nzima. Masomo arobaini, haki jinai, kama wewe. Yule mratibu mpole amenipigia mwenyewe, akacheka sana, akasema nije. Sitaki kujipangia, nimeona nilivyokupangia wewe. Nipangie, na hiyo Takwimu usiniwekee mbali, nataka nirudiane nayo nikiwa bado na hasira.

Ndani ya bahasha kuna fomu. Imebaki mahali pamoja tu, panapotaka jina na sahihi ya mzazi au mlezi wa mwanafunzi. Nilimwambia mratibu nina miaka sitini na saba, akasema sharti ni kwa kila mtu, awepo wa kupigiwa simu mwanafunzi akianza kutoroka. Baba na mama yangu wametangulia, na kaka yangu naye. Nimekuandika wewe. Usicheke. Tia sahihi, irudishe kabla ya tarehe ishirini.

Shangazi yako,
Mwanafunzi